Kusomea ualimu kwa deni la kufundisha: panga kontra vizuri mbele ya kusinye

Umepata diplome ya Leta, unataka kuingia ISP (chuo cha kusomea ualimu) hapa Lubumbashi, nyumbani franka ya minervali, ile ada ya masomo, haiko, halafu promotere mmoja, ni kusema mwenye shule, wa Ruashi ao Katuba anamwambia mama yako: acha asome, mimi nitalipa, akimaliza atanifundishia miaka fulani. Mama anafurahi, wewe pia. Usikatae. Lakini usikubali siku ile ile, omba wiki moja, na hiyo wiki fanya kazi ninayokuelezea hapa.

Naandika hivi juu ya yaya yangu, ndugu yangu mkubwa. Shule moja ilimlipia miaka 2, walipatana kwa mdomo tu, "utakuja utusaidie." Alipomaliza wakamwambia lete diplome tuiweke kwa biro, itakuwa salama. Ikakaa mu armware yao. Kila mwaka akiuliza deni limebaki ngapi anaambiwa bado, na kila direktere mpya anaanza kuhesabu upya, kumbe hakuna mahali popote paliandikwa walilipa ngapi. Alifundisha miaka 6 kwa deni la miaka 2. Alikuwa mwalimu mzuri kabisa, watoto wake wa primeri ya 6 wanamkumbuka mpaka leo, lakini ile miaka hakuna mtu atamrudishia.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, na kama huna nguvu ya kupigania vyote basi pigania hiki: deni liandikwe kwa hesabu ya pesa, na lipungue kila mwaka unaofundisha, kiasi kinachojulikana tangu mwanzo. Tufanye mfano: wamekulipia dola 900 kwa miaka 3 ya masomo. Mnaandika kwamba kila mwaka wa shule ukiisha dola 300 zimekufa. Ukiondoka kisha mwaka 1 unabakia na deni la dola 600, kisha miaka 2 dola 300, kisha 3 hakuna. Hapo hata mkigombana, mnagombania namba, na namba iko kwa karatasi.

Wamarekani walikuwa na mkopo unaoitwa Perkins, ulifungwa 2017, mwalimu wa shule ya watoto maskini alikuwa anafutiwa deni lote kwa miaka 5: asilimia 15 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, 20, 20, halafu 30 mwaka wa mwisho. Ni nzuri juu kila mtu anajua mbele. Lakini angalia fungu kubwa liko mwisho, mwenye kutoka mapema anabeba mzigo mzito. Wewe omba mafungu sawasawa.

Afrika Kusini wana Funza Lushaka, tangu 2007. Serikali inalipa chuo, na kila mwaka uliolipiwa unaurudisha kwa mwaka mmoja wa kufundisha shule ya Leta, usipofanya, ile pesa inageuka deni lenye riba. Kanuni hiyo ya mwaka kwa mwaka ibebe hivyo hivyo kwa promotere wako, ni ya haki na ni rahisi kuieleza. (Na programu yenyewe ni ya Leta yao kwa shule zao, mtu akikuomba franka eti atakuandikisha kutoka hapa, mkimbie.)

Kuna somo lingine la Marekani ambalo linaniuma kila nikiliwaza. TEACH Grant yao inampa mwanafunzi mpaka dola 4,000 kwa mwaka, naye anapashwa kufundisha miaka 4 ndani ya miaka 8 kisha kumaliza, kwa shule ya wenye kipato kidogo na somo lenye upungufu wa walimu. Asipotimiza, msaada unageuka mkopo na riba inahesabiwa toka siku pesa ilitoka. Sasa kulikuwa walimu waliofundisha kweli kweli, lakini karatasi ya kila mwaka ilichelewa ao ilikosa sinyature, msaada wao ukageuzwa deni. Redio ya NPR ilifuata habari hiyo 2018 mpaka wizara ikafungua njia ya kuwarudishia. Kama kwao penye kompyuta kila mahali karatasi moja inaweza kumtesa mwalimu hivyo, wewe usitegemee kichwa cha mtu. Kila mwisho wa mwaka wa shule, mwezi wa 7 mbele watu hawajatawanyika, chukua karatasi fupi: fulani amefundisha mwaka huu wote, dola kadhaa zimefutwa, zinabaki kadhaa, sinyature na kashe ya shule. Piga picha, tumia dada yako kwa WhatsApp, orijinali weka nyumbani.

Sasa pesa yenyewe. Omba ilipwe banki moja kwa moja kwa konti ya ISP, bordero (karatasi ya banki) ubaki nayo kopi. Andika ni nini kinalipwa: minervali peke yake, ao pamoja na silabusi, staji, na kazi ya mwisho wa masomo? Watu wengi wanakwama hapo, minervali imelipwa lakini pesa ya staji haikutajwa, mwanafunzi anakopa kwingine na sasa ana madeni mawili. Andika pia kama ukirudia mwaka nani analipa. Na hesabu iwe kwa dola kama ililipwa kwa dola, ama kwa franka kama ni franka, usiache mtu achague siku ya kulipa.

Mshahara usichanganywe na deni, tafadhali. Kufundisha njo kunapunguza deni, lakini mwalimu anakula bukari kila siku, anapanga nyumba, anapanda basi. Promotere akikuambia miaka yote 3 hutalipwa juu "tulikusomesha", huyo anataka ulipe mara mbili. Andikeni mshahara wa kila mwezi, usiwe chini ya ule wa mwalimu mwingine wa diplome yako mu shule ile ile.

Kama ni shule ya konvansione, ya Leta lakini inaongozwa na Wakatoliki, Waprotestanti ao wengine, swali ni lingine: utakuwa NU (mwalimu mpya ambaye Leta haijaanza kumlipa) mpaka lini? Mwalimu mpya anaweza kufundisha miaka mingi mbele Leta imtie kwa listi ya mshahara, na toka 2019 primeri ya Leta ni ya bure, wazazi hawapashwi tena kulipa ile primu iliyokuwa inawabeba walimu. Basi andikeni: ule muda wa kungojea mekanizasio, ni kusema kutiwa kwa ile listi, nani atanilipa, na je, hiyo miaka inahesabiwa kwa deni? Inapashwa kuhesabiwa.

Fanyeni karatasi mbili. Moja ya deni, moja ya kazi. Kodi ya kazi ya 2002, ile sheria ya kazi ya Kongo, inasema kontra ya muda maalumu haipiti miaka 2, kwa hiyo mtu akikuletea kontra moja ya kazi ya miaka 6 mezani, mpeleke kwa avoka ama kwa ispeksio ya kazi mbele ya kalamu kugusa karatasi. Na katiba yetu ya 2006, kifungu cha 16, inakataza kumlazimisha mtu kazi. Maana yake wanaweza kukudai pesa iliyobaki, hawawezi kukufunga kwa kalasi. Hiyo sentensi itie ndani: "mwalimu anaweza kuondoka mwisho wa mwaka wa shule, akilipa kilichobaki kwa miezi 12." Wakati ni wa kwako kuchagua, miezi 12 ao 24, ila uwepo.

Andika pia ugonjwa, uzazi, na shule ikifungwa. Shule ikifunga milango wenyewe, deni life ama mwenyewe akutafutie shule nyingine hapa hapa mujini, usikubali kutumwa mbali kule Pweto bila nyumba.

Diplome orijinali haitoki mikononi mwako. Wakiihitaji kwa dosie, toa kopi iliyothibitishwa. Hata baba askofu akiomba, kopi. Hapa sina mjadala.

Siku ya kusinye nenda na mtu mzima wa kwenu na shahidi mmoja asiye wa shule, kama hujatimiza miaka 18 mzazi ao mlezi asinye pamoja nawe. Kontra itakuwa ya Kifaransa, basi isomwe kwa sauti na mtu aeleze kila kifungu kwa Kiswahili mpaka mama yako aseme ameelewa. Kopi mbili, kila upande moja, na mkiweza ipitisheni kwa notere.

Ukimaliza mwaka wa mwisho omba karatasi ya kumaliza deni wiki ile ile, hata kama unaendelea kufundisha hapo. Promotere anaweza kusafiri, shule inaweza kuuzwa, na mwenye kununua hakujui.