Jinsi ya kulifungua jina la Kihispania

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kutafsiri vyeti, nilimsajili mteja kwa ubini wa mama yake. Fomu zikarudi zote. Tangu siku hiyo kila jina la Kihispania nalifungua kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Anzia mwisho. Kwa kawaida kuna majina mawili ya ukoo, la baba likitangulia la mama. Mwandishi Gabriel García Márquez mtafute rafu ya G, si ya M. Mchoraji Picasso naye alizaliwa Ruiz kwa baba. Picasso ni la mama, ndilo alilopenda kutia saini. Mke haachi lake akiolewa. Ila usiape: tangu 2017 wazazi nchini Hispania hukubaliana wenyewe lipi litangulie.

Hatua ya 2: Tazama mkia. Majina mengi ya ukoo huishia -ez, na hiyo -ez ni “bin” iliyohamia nyuma. Fernández ni bin Fernando, Sánchez bin Sancho. Ruy ni kifupi cha Rodrigo, kwa hiyo Ruiz na Rodríguez shina lao ni moja. Rodrigo lenyewe lililetwa na Wavisigothi, watu wa asili ya Kijerumani waliotawala Hispania kabla ya Waislamu, likiunganisha sifa na utawala. Lakini mkia umeshaganda: baba wa Fernández wa leo huenda ni Luis. Ukikuta -es, kama Fernandes wa Wagoa wa Zanzibar na Mombasa, hicho ni Kireno.

Hatua ya 3: Hakuna mkia? Uliza kazi au mahali. Herrero ni mhunzi, Zapatero fundi viatu, Navarro mtu wa Navarra, eneo la kaskazini mwa Hispania. Hapa sisi wa Kiswahili tuna nafuu, maana Waislamu walitawala sehemu za Hispania kuanzia 711 hadi 1492, wakaacha maneno ya Kiarabu kama yaliyomo katika lugha yetu. Medina ni mji, Alcalá ni ngome, na Alcalde ni kadhi wetu yuleyule, ingawa huko neno hilo sasa ni la meya.

Hatua ya 4: Sasa jina la kwanza. Dolores ni maumivu, Soledad upweke, Pilar nguzo. Hakuna mzazi aliyemtakia binti yake upweke. Hizo ni sifa za Bikira Maria. Ndiyo maana María del Pilar ni jina moja, usilikate. Na mteja akijitambulisha kuwa Pepe, fungua cheti: karibu kila mara utamkuta José.