Pombe na figo: namna ya kupunguza madhara mapema

Figo haziumi zinapoharibika. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa kuchuja damu asihisi chochote, kwa hiyo anayesubiri dalili huwa amechelewa.

Pombe ikivunjwavunjwa mwilini hugeuka asetaldehidi, ambayo ni sumu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na ini, ila figo nazo zina kimeng'enya kiitwacho CYP2E1, na huongezeka kwa mnywaji wa kila mara. Kikivunja pombe huzalisha oksijeni chokozi, yaani chembe za oksijeni zisizotulia, ambazo hushambulia mafuta ya kuta za seli, protini na vinasaba. Kinga kuu ya kuzizima ni glutathioni, nayo pombe huipunguza. Uchokozi ukiishinda kinga, ndipo seli huingia kwenye msongo wa oksidishaji. Mirija midogo ya figo huathirika mno kwa sababu imejaa mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli: hufanya kazi usiku na mchana kurudisha chumvi, sukari na maji kwenye damu.

Anza kwa kuhesabu gramu, si chupa. Zidisha mililita kwa asilimia ya kilevi, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Mililita 200 za pombe kali ya asilimia 40 zina gramu 63, yaani zaidi ya bia tatu za namna hiyo. Wengi hushtuka wakipiga hesabu hii.

Usimeze ibuprofeni wala diklofenaki kwa ajili ya kichwa cha asubuhi. Pombe huzuia homoni inayobana mkojo, hivyo umeamka ukiwa na upungufu wa maji. Dawa hizo nazo hubana mshipa unaopeleka damu kwenye chujio la figo. Mawili hayo yakikutana, figo zinaweza kusimama ghafla. Parasetamoli nayo si salama kwa mnywaji sugu: CYP2E1 ileile huigeuza sumu, na glutathioni ya kuizima ni haba. Kunywa maji, pumzika.

Ukienda maabara, usiridhike na kreatinini peke yake, yaani taka ya damu inayochujwa na figo. Taka hiyo hutoka kwenye misuli, na mnywaji aliyekonda huonyesha kiwango kizuri huku figo zikidhoofika. Omba pia kipimo cha albumini, protini ya damu, kwenye mkojo: uwiano wake na kreatinini ukifika miligramu 30 kwa gramu au zaidi, rudia kipimo. Makadirio ya uchujaji wa figo (eGFR) yakibaki chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi 3, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Pima na presha.

Vidonge vya vitamini vinavyouzwa kama "kinga ya oksidishaji" havifuti madhara ya pombe, na vitamini C nyingi kupita kiasi inaweza kuleta mawe kwenye figo.

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Degedege laweza kumpata saa 6 hadi 48 baada ya kinywaji cha mwisho, kwa hiyo apunguze chini ya uangalizi wa daktari, ambaye kwa kawaida humwongezea vitamini B1.

Mkojo ukiwa na rangi ya chai nzito na misuli ikiuma baada ya ulevi mkubwa, au mkojo ukikatika kabisa, nenda hospitali saa hiyohiyo: huenda misuli imeyeyuka na mabaki yake yanaziba mirija.