Nailoni ang'avu badala ya dawa ya kufukiza udongo

Nyanya za kitalu nyumba changu zilikuwa na minyoo fundo (minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi), mizizi imevimba kama shanga. Kabla hujanunua dawa ya udongo, jaribu hivi: ng'oa mabaki yote, lainisha tuta, mwagilia mpaka maji yazame vizuri, kisha tandika nailoni ang'avu iguse udongo na uzike kingo zake pande zote. Funga milango, acha wiki 4 hadi 6 wakati wa jua kali; kwetu ni Januari na Februari. Nailoni iwe ang'avu, si nyeusi (nilikosea hapo mara ya kwanza): nyeusi hunyonya joto lenyewe, ang'avu hupitisha mwanga na joto linanaswa chini. Unyevu nao hulishusha joto hilo hadi kwenye mayai ya minyoo, kuvu na mbegu za magugu, na kuviua. Haifanyi kazi miezi ya baridi na mawingu, nailoni ikitoboka, au udongo ukiwa mkavu. Minyoo iliyo chini sana hubaki, na mnyauko wa bakteria usiutegemee uishe kwa njia hii. Nailoni ikunje, itumie tena.