Jicho la samaki wa maji ya chumvi: hesabu macho kabla ya kununua dawa

Wenye matangi wa Malindi, somo la leo ni jicho lililovimba au lililoingia utando. Wengi hukimbilia dukani. Tulieni kwanza.

1. Mtazame samaki pande zote mbili. Jicho moja likivimba, mara nyingi ni jeraha: kajigonga kwenye jiwe au kikande kamdona. Yakiwa yote mawili, shuku maji au maradhi ya ndani.

2. Pima maji siku hiyo hiyo. Amonia sifuri, nitriti sifuri, haidromita (kipima chumvi ya maji) isome 1.025 hivi, joto nyuzi 25 hadi 27. Amonia ikionekana, badilisha maji kabla ya jambo lingine lolote. Utando mwingi huondoka kwa maji safi tu. Mnaochota baharini, kumbukeni msimu wa kaskazi mkondo huleta tope la Sabaki kusini, huku kwetu. Nendeni mbali na mlango wa mto, kisha maji yatuame kabla ya kuyatia.

3. Uvimbe: mhamishie tangi la wagonjwa, punguza taa, tia chumvi ya haluli ya duka la dawa (magnesiamu salfeti tupu, isiyo na manukato), kijiko kikubwa kimoja kwa lita 40. Ikoroge kwanza pembeni. Huvuta maji yaliyojikusanya nyuma ya jicho, lakini haiui vijidudu. Kwa hiyo akivimba macho yote na kugoma kula, muone daktari wa mifugo kuhusu antibayotiki. Antibayotiki msiimwage kwenye tangi kubwa: huua bakteria wa filta, amonia ikapanda, mkawa na wagonjwa wengine.

4. Utando pamoja na kujisugua kwenye mawe ni dalili ya minyoo bapa. Mwogeshe maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, wala klorini, joto na pH sawa na ya tangi, pampu ya hewa ikifanya kazi, dakika 5. Minyoo isiyoonekana hugeuka myeupe na kudondoka. Akilala ubavu na kutulia kabisa, mtoe. Mayai hubaki tangini, ndiyo maana dawa ya minyoo, prazikwanteli, hurudiwa.

MASWALI

– Ami, chumvi ya jikoni haifai?
– Haifai, mwanangu. Hiyo bahari inayo tele. Utapandisha chumvi bure.

– Nikilitoboa kwa sindano?
– Usithubutu. Utalipasua jicho na kuingiza uchafu.

– Nina dawa ya shaba, nitie? Tangini mna kamba na matumbawe.
– Itawaua hao kwanza, na minyoo bapa hata haiguswi nayo.

– Bunju wangu naye ana utando. Namhamishaje, Ami?
– Kwa bakuli, chini ya maji. Ukimwinua kwa wavu atameza hewa, na kuitoa ni kazi kwake.

– Uvimbe umeisha lakini jicho limekufa. Nimtoe?
– Wa nini? Anaishi na moja. Mpe chakula upande anaoona, na mtenge na yule kikande.