Kuchagua spika na kuifunga, kwenye gari na nyumbani: anza na mahali itakapokaa

Watu wengi wakitaka kununua spika swali la kwanza ni "ina wati ngapi?" na ndo hapo mambo yanapoharibikia, maana wati ni kitu cha nne au cha tano kwa umuhimu. Swali la kwanza ni hii spika itakaa wapi. Itakaa kwenye mlango wa gari, kwenye boksi lililozibwa kabisa, kwenye boksi lenye tundu, au utaibana tu kwenye ule ubao wa nyuma ya siti? Ukishajua hapo mengine yanafuata, na ukikosea hapo hata ununue spika kali kiasi gani itakupa besi ya kopo. Nikisema spika humu namaanisha ile yenyewe yenye koni na sumaku, boksi naliita boksi.

Sababu yake iko hivi. Koni ikisukuma hewa kwa mbele, wakati huohuo kwa nyuma inaivuta, sa hizo hewa mbili zikipata njia ya kukutana zinafutana, na sauti nzito ndo inayofutika zaidi. Jaribu mwenyewe leo, chukua wufa (spika ya sauti nzito) tupu iunge kwenye ampu (kikuza sauti), weka sauti ndogo, isikilize ikiwa juu ya meza. Afu toboa tundu la saizi yake kwenye kadibodi kubwa, ishikilie hapo kwenye tundu usikilize tena. Besi inatokea! Spika ileile, ampu ileile, umeongeza kadibodi tu. Mtu akishalisikia hilo kwa masikio yake huwa hanunui tena spika kwa kuangalia ukubwa wa sumaku.

Kwaiyo ukitaka wufa au sabufa (wufa ya besi nzito kabisa) ya maana tafuta ile karatasi yake ya vipimo, kama haina karatasi wala taarifa zake hazipatikani popote mi naiacha. Kwenye karatasi utaona Fs, Qts, Vas na Xmax. Hivi vipimo msingi wake uliwekwa na Neville Thiele kule Australia mwaka 1961, Richard Small akauendeleza kwenye miaka ya 1970, na mpaka leo ndo lugha ya watu wa spika dunia nzima. Fs ni mtetemo ambao koni inaupenda ikiwa huru, ikiwa chini kama 30 Hz (yani mitetemo 30 kwa sekunde) spika inaweza kushuka kwenye besi nzito, ikiwa 70 Hz usitegemee miujiza. Vas inakuambia ulaini wa vile vishikio vya koni kwa lita za hewa. Xmax ni milimita ngapi koni inatembea kila upande bado ikiwa na adabu, ukiipitisha hapo sauti inaanza kukwaruza. Qts ndo ya kukaa nayo zaidi, maana ndo inayokuambia boksi gani: ikiwa chini ya 0.4 hivi spika inapenda boksi lenye tundu, kati ya 0.4 na 0.7 inapenda boksi lililozibwa, ikizidi 0.7 hiyo ni ya kufunga kwenye ubao wa nyuma ya siti au mlangoni ambako nyuma yake kuna nafasi kubwa. Si sheria ya chuma ila mara nyingi inakaa hapohapo.

Boksi la kuziba hesabu yake ni rahisi mno, sijui kwa nini watu wanaliogopa. Gawa 0.707 kwa Qts, jibu lizidishe kwa lenyewe, toa 1, halafu gawa Vas kwa hiyo namba uliyopata. Mfano spika yenye Vas lita 60, Qts 0.4 na Fs 30 Hz: 0.707 kwa 0.4 unapata 1.77, ukizidisha kwa yenyewe ni kama 3.12, toa 1 inabaki 2.12, lita 60 gawa kwa 2.12 ni lita 28. Hilo ndo boksi lako, ndani kwa ndani, na besi itaanza kushuka kuanzia kama 53 Hz (hiyo ni 30 mara 1.77). Ukibana boksi kuwa dogo zaidi ya hapo besi inakuwa na uvimbe, inadunda sehemu moja tu, ndo ile besi ya "bum bum" isiyobadilika wimbo wowote ule. Boksi la tundu linatoa besi nyingi zaidi kwa ampu ileile ila linataka umakini, urefu wa bomba linalokaa kwenye lile tundu lazima uendane na lita za boksi, tumia programu ya kukokotoa, usikate bomba kwa macho. Na chini ya ule mtetemo ambao bomba limepimiwa koni haina kitu cha kuizuia, inaruka ovyo, kwaiyo ampu iwe na kichujio cha kukata sauti za chini kabisa.

Sa tuje kwenye wati. Angalia RMS peke yake, yani wati za kazi ya muda wote, ile namba kubwa iliyoandikwa MAX au PEAK isahau. Kabla hata ya RMS angalia sensitiviti, yani desibeli ngapi spika inatoa kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Tofauti ya desibeli 3 (dB 3) inakula nguvu mara mbili: spika ya 87 dB inataka wati 100 ili ilingane na ya 90 dB yenye wati 50. Kama gari lako linatumia redio peke yake bila ampu ya nje, hii namba ndo roho yako, kwa sababu redio iliyoandikwa wati 50 mara 4 ukweli wake ni kama wati 15 mpaka 22 za RMS kila chaneli. Ukiifungia spika nzito ya 86 dB iliyotengenezwa kwa ampu kubwa itakuwa kama imelala. Chukua ya 90 au 92.

Na jambo lingine linalosumbua watu, twita (zile spika ndogo za sauti kali) nyingi haziuawi na ampu kubwa, zinauawa na ampu ndogo iliyolazimishwa. Ampu ikifika mwisho wake inakata vichwa vya mawimbi na hapo inazalisha sauti kali nyingi ambazo zote zinaenda kwa twita, koili yake, yani waya uliozungushwa unaosukuma koni, ni nyembamba kama unywele, inaungua. Ukisikia sauti inachanika punguza, haijalishi spika imeandikwa wati ngapi.

Omu nazo, yani ukinzani wa spika kwa umeme. Za gari nyingi ni 4, za nyumbani nyingi ni 8 au 6. Ukipima kwa maltimita usishangae, spika ya omu 4 itasoma kama 3.2 mpaka 3.7, ya omu 8 itasoma 5.5 mpaka 7, maltimita inapima waya wa koili tu. Isiposoma kitu kabisa koili imekatika. Mbili za omu 4 ukiziunga sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, ampu inaona omu 2, ukiziunga kwa kufuatana inaona 8. Soma nyuma ya ampu inaruhusu mpaka ngapi kabla hujaunga chochote, ampu ya nyumbani ya omu 8 ukiipa 2 itachemka na kuzima, au isizime ikaungua, na hapo umepoteza.

Ukinunua iliyotumika weka vidole viwili au vinne kuizunguka koni kwa usawa, sukuma taratibu. Ikikwaruza koili imepinda, iache hapohapo. Angalia na ule ukingo laini unaozunguka koni, wa povu huwa unaoza ukavunjika kama majani makavu, wa raba unadumu sana, ila ukingo wa povu unaweza kubadilishwa kama spika yenyewe ni nzuri.

Kwa mlango wa gari saizi ya kawaida ni inchi 6.5. Una njia mbili, zile ambazo twita imekaa katikati ya koni, au zile za vipande ambapo wufa, twita na krosova (kile kinachogawa sauti nzito kwa wufa na kali kwa twita) vinakuja kila kimoja peke yake. Za vipande ni bora kama uko tayari kufanya kazi, maana wufa ipo chini miguuni na twita unaweza kuipandisha juu karibu na kioo cha mbele, sauti inakuja mbele yako badala ya kutoka kwenye magoti. Usiziachanishe mbali sana lakini. Kwa siti za nyuma zile zenye twita katikati ya koni zinatosha.

Kabla hujanunua pima kina. Toa kifuniko cha mlango, TEREMSHA KIOO mpaka mwisho, ndo upime kutoka kwenye bati mpaka kwenye kioo. Mi niliwahi kupima kioo kikiwa juu, nikafunga kila kitu vizuri, nikarudisha kifuniko na klipu zake zote, nikateremsha kioo kikagonga sumaku, nikaanza upya mlango mzima. Kama kina hakitoshi weka ringi ya plastiki au ya mbao iliyopakwa rangi isiyopitisha maji, inaisogeza spika kuja ndani ya gari sentimita moja au mbili.

Sa kumbuka ile kadibodi. Mlango ndo boksi la hiyo spika na una matundu kila kona, hewa ya nyuma inakuja mbele kirahisi kabisa. Safisha bati kwa spiriti, bandika zile shiti nzito za kuzuia mtetemo kwenye bati la nje kwanza, zikandamize kwa rola mpaka zishike, halafu ziba matundu makubwa ya bati la ndani. Yale matundu madogo ya chini kabisa ya mlango USIZIBE, ni ya kutolea maji ya mvua. Chini ya ringi weka ukanda wa sponji ili hewa isipite pembeni. Nakuambia kwa moyo wote, spika ya kawaida kwenye mlango uliozibwa vizuri inaishinda spika ghali kwenye mlango wa bati tupu, na hii kazi ni ya mchana mmoja.

Ukifunga skrubu tumia bisibisi ya mkono mwishoni, na mkono mwingine ufunike koni. Sumaku inavuta bisibisi ghafla na ncha inaingia kwenye koni kabla hujashtuka. Kaza kwa kupishana kama nati za tairi.

Chanya na hasi usikisie. Betri ndogo ya volti 1.5 iguse kwenye waya kwa sekunde moja, koni ikitoka nje basi waya uliogusa chanya ya betri ndo chanya. Fanya spika zote kabla hujafunga vifuniko (twita usiijaribu hivi, fuata alama zake). Moja ikiwa kinyume besi inapotea ukikaa katikati na watu wanaanza kulaumu spika.

Kama unaweka ampu kwenye gari, waya wa chanya unatoka kwenye betri na fyuzi inakaa karibu na betri, ndani ya sentimita 45, kwa sababu inalinda waya usiwake moto ukichubuka njiani, haipo pale kwa ajili ya ampu. Waya wa hasi uwe mfupi, kwangua rangi ya bodi mpaka uone chuma kinang'aa ndo ufunge. Nyaya za sauti zipite upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine, la sivyo utasikia injini inapiga mluzi ndani ya muziki. Halafu washa kichujio, spika za milango zikate chini ya 80 Hz, sabufa ichukue kuanzia hapo kwenda chini. Milango inapumua mara moja, sauti ya mtu inakuwa safi.

Twita isiyokuja na krosova inahitaji angalau kapasita moja kwenye chanya yake, ile isiyo na upande wa chanya wala hasi. Kwa twita ya omu 8 ukitaka ianzie kama 4,000 Hz ni maikrofaradi 4.7 au 5, kwa ya omu 4 ni mara mbili yake.

Nyumbani tumia MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18, mbao nyembamba inaimba pamoja na spika. Kwenye hesabu ya lita za ndani toa ile nafasi inayoliwa na sumaku na vile vipande vya kukazia. Gundi kila kiungo, ziba kona kwa silikoni halafu iache ikauke siku nzima kabla ya kuweka spika. Jaza pamba ya mto kiasi isishindiliwe, na kwenye boksi la tundu usiiweke karibu na bomba. Boksi la kuziba lijaribu hivi: sukuma koni taratibu uiachie, ikirudi polepole boksi halivuji, ikirudi papo hapo kuna mahali hewa inatoka, mara nyingi ni kwenye terminali za nyuma au chini ya ukingo wa spika yenyewe. Baada ya wiki mbili za kupiga muziki rudia kukaza skrubu zote, huwa zinalegea kidogo, na mlio mdogo wa ajabu unaosikika siku hizo huwa unaisha hapo.