SOMO: Majadiliano ya vipande kwenye darasa la wanafunzi 80

Walimu wenzangu, naandika hapa mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma hili tu. Shida ni ileile kila siku: ukiwapa kikundi kazi, mmoja anaandika, wengine wanapiga soga. Mbinu hii ya vipande, kila mtoto kujifunza kipande chake kisha kuwafundisha wenzake, inamfanya kila mtoto ahitajiwe na wenzake. Mwanasaikolojia Elliot Aronson aliianzisha Austin, Texas, mwaka 1971, shule za huko zilipoanza kuchanganya watoto waliokuwa wametenganishwa kwa rangi.

Mfano wangu ni Vita vya Maji Maji, vipindi viwili mfululizo, dakika 80.

1. Gawa mada vipande vinne. A: pamba ya kulazimishwa na kodi. B: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na dawa ya maji. C: vita kuanza Umatumbi Julai 1905 na kuenea hadi Ungoni. D: Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata.

2. Kila kipande nusu ukurasa. Kama hakuna fotokopi, andika kwenye manila, nakala mbili mbili, bandika ukutani.

3. Vikundi vya nyumbani (yaani vya kuanzia na kurudia, humohumo darasani) vya wanne wanne, dawati la mbele ligeukie la nyuma. Kila mmoja apewe herufi. Wakizidi, wawili washike herufi moja.

4. Kikao cha wataalamu: A wakae na A, B na B. Hapa ndipo somo zima huharibika, kwa hiyo soma polepole. Wenye A wako ishirini. Ukiwaacha pamoja, wanaongea watatu. Wagawe meza nne za watano. Tatizo la pili: watanakili maandishi yote, kisha warudi nyumbani kuwasomea wenzao kama tangazo. Wape dakika 10 za kusoma, halafu DAFTARI ZIFUNGWE. Dakika 10 nyingine kila mtu aeleze kwa mdomo, na mwenzake amuulize "kwa nini?" Mwenye D akisema njaa ililetwa na vita, aulizwe: vita vinazuiaje watu kula? Atarudi mwenyewe kwenye manila kutafuta maghala yaliyochomwa. Usimjibie. Na usimbadilishe mtoto mzito ukampa nafasi yake mwepesi. Wataalamu wenzake ndio wamuandae, maana huko nyumbani hakuna mwingine mwenye kipande hicho.

5. Warudi nyumbani, kila mmoja afundishe dakika tano.

6. Jaribio fupi, kila mtu peke yake, maswali kutoka vipande vyote. Alama za kikundi hapana kabisa.

MASWALI

ChakiNyeupe: Mimi nina 94, hawagawanyiki kwa nne. Nifanyeje?
— Hatua ya 3, sentensi ya mwisho.

Mzee wa Ratiba: Mkuu, ndefu sana. Weka muhtasari.
— Ni hatua sita. Kama huna dakika tano za kuisoma, usiifanye darasani.

Madam Jiografia: Nina binti anaongea kwa sauti ya chini mno, wenzake humcheka. Nikimpa kipande si nitamuumiza?
— Swali zuri sana, Madam. Mpe mwenzake wa herufi ileile, wafundishe wawili, yeye aanze na sentensi moja. Wiki za kabla yake tumia njia ya mwalimu Mmarekani Frank Lyman: fikiri peke yako, mwambie jirani, ndipo useme mbele ya darasa. Anapofika mbele ameshalisema jambo lake mara moja. Na kwenye jaribio wale wanaocheka watakuta swali la kipande chake, watajifunza kumsikiliza.

Ticha wa Kata: Manila ni ghali. Mimi napasua mifuko ya saruji, karatasi ya ndani ni safi na ngumu.
— Asante, Ticha. Ikung'ute nje kwanza, vumbi lake linawasha macho.

Madam Jiografia: Na makapeni inashika?
Ticha wa Kata: Nyeusi inashika vizuri. Nyekundu haisomeki ukiwa nyuma.