Gongo lishuke au lipande? Namna ya kupima njia ya gongo lako katika softiboli

Kila benchi la softiboli, mchezo unaofanana na besiboli, lina makocha wa pande mbili wanaobishana kuhusu gongo, yaani kipigio. Wa kwanza anakuambia "piga kuelekea chini," wa pili anakuambia "inua mpira." Mimi hufundisha wapigaji, na ninaamini wote wawili wanaanzia pasipofaa. Kabla ya kuuliza gongo lipite wapi, uliza mpira unapita wapi.

Hatua ya 1: Ujue mpira unavyokuja

Katika softiboli ya kasi, mrushaji wa kike husimama mita 13.11 kutoka kwenye kibao, pale anaposimama mpigaji, na kuuachia mpira karibu na nyonga. Mpira wa kilomita 100 kwa saa hukufikia kwa takribani sekunde 0.4. Kwa kuwa umetoka chini, ukifika kwenye kibao huwa unashuka kidogo tu, nyuzi 4 au 5 hivi. Besiboli hurushwa kutoka juu ya bega, tena mrushaji akiwa juu ya kilima kidogo, kwa hiyo mpira wake huja umeinama zaidi. Ndiyo maana mafunzo ya besiboli ya kuinua sana gongo hayatufai yalivyo. Na ule mpira "unaopanda" unaowatesa wapigaji huzungushwa kinyumenyume ili ushuke kidogo kuliko jicho linavyotarajia. Ukiinua gongo kwa nguvu, unapita chini yake.

Basi gongo linapaswa kupanda kidogo, kwa pembe ileile ambayo mpira unashukia. Vikiwa kwenye mstari mmoja, hata ukichelewa kidogo bado utaugusa. Gongo linaloshuka mpaka kwenye mguso, yaani linapougusa mpira, hukutana na mstari huo mahali pamoja tu.

Hatua ya 2: Jirekodi

Weka simu kwenye usawa wa mkanda, upande ambao kifua chako kinaelekea unaposubiri mpira. Tumia mwendo wa polepole, fremu 240 kwa sekunde kama simu yako inaweza. Piga mipira kadhaa kutoka kwenye stendi, yaani nguzo fupi inayoshikilia mpira ukiwa umetulia, kisha tafuta picha tatu: kichwa cha gongo kinapoondoka begani, kinapopita nyuma ya nyonga ya nyuma, na kinapougusa mpira.

Gongo la kila mpigaji hushuka mwanzoni, kwa sababu limeanzia juu. Mabishano mengi yanatokana na hilo: mmoja anazungumzia picha ya kwanza, mwenzake ya tatu. Wewe angalia kutoka ya pili hadi ya tatu. Hapo kichwa cha gongo kiwe kimeshalala na kimeanza kupanda taratibu.

Hatua ya 3: Stendi mbili

Kama gongo lako linashuka mpaka kwenye mguso, weka mpira wa pili kwenye stendi nyingine, sentimita 30 mbele ya wa kwanza kuelekea kwa mrushaji, juu zaidi kwa sentimita 3 hivi. Piga wa kwanza uende kuugonga wa pili. Anayekata kuelekea chini ataupitisha wake chini ya ule wa mbele, bila haja ya kocha kumwambia.

Kama tatizo lako ni kuinua kupita kiasi, weka stendi tupu sentimita 40 nyuma ya mpira, chini kuliko stendi yenye mpira kwa sentimita 5. Ukiigonga, ujue gongo limezama mno.

Hatua ya 4: Mwili ndio uinamishe gongo

Hapa usiharakishe. Nyonga zianze kugeuka huku mikono ikiwa bado nyuma. Kiwiko cha nyuma kishuke kuelekea mbavuni, na bega la nyuma liwe chini kidogo kuliko la mbele. Gongo litalala lenyewe. Mpira wa chini unahitaji mabega yainame zaidi. Wa juu, yainame kidogo. Ukiwa umesimama wima na kuufuata mpira wa chini kwa kuangusha viganja tu, nguvu inapotea na utagonga mipira ya kubingirika.

Mpira wa ndani uguse mbele ya mguu wa mbele. Wa nje usubiri ufike karibu na kibao.

Hatua ya 5: Chagua kauli inayokufaa

"Piga chini" ni dawa. Mpigaji anayezamisha bega la nyuma akiisikia, mara nyingi gongo lake hunyooka, ingawa video haionyeshi likishuka. Ukimpa anayekata tayari, unamharibu. Ninawasihi makocha wenzangu: tazameni video kwanza.

Yuko mmoja ambaye kwake kukata chini ni sahihi kabisa: mpigaji wa mkono wa kushoto anayepiga huku ameshaanza kukimbia. Kituo cha kwanza kiko mita 18.29 tu, na mpira unaodunda juu humpa muda wa kufika.

Hatua ya 6: Rudi kwenye mpira unaorushwa

Stendi haina kasi. Rekodi tena ukiwa unarushiwa, na ulinganishe picha zilezile tatu. Kama njia ilikuwa nzuri kwenye stendi lakini imeharibika hapa, usirekebishe mikono. Anza kukanyaga mguu wa mbele mapema zaidi.